Mbwa mchanga na kuku wa kienyeji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumlea mbwa mlinzi

Nafuga kuku wa kienyeji mkoani Singida, kuku wa kuachia, wanaotoka bandani alfajiri na kurudi wenyewe jua likizama. Kwa miaka kadhaa nguchiro na vicheche walikuwa wakivuna kuliko mimi. Tangu nianze kulea mbwa wa kulinda kuku, wafugaji wenzangu wananipigia simu au kunisimamisha gulioni, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Mbwa kulinda kuku? Mbona wa kwetu ndiye anayewala?

Anaweza kuwalinda, na vizuri sana. Anayewala ni yule ambaye hakuna mtu aliyemlea na kuku. Aliwakuta ukubwani wakikimbia na kupiga kelele, naye akaona mchezo.

Mfano ninaoupenda kuusimulia unatoka Australia, mji wa Warrnambool, jimbo la Victoria. Karibu na pwani kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Middle Island, makazi ya pengwini wadogo. Maji yakipwa mbweha walivuka na kuwamaliza, hadi kufika mwaka 2005 waliobaki hawakuzidi 10. Aliyetoa ushauri wa kupeleka mbwa alikuwa mfugaji wa kuku wa kuachia, Swampy Marsh, ambaye shambani kwake alikuwa akitumia mbwa wa Kiitaliano aina ya Maremma. Aliona kwamba kama mbwa wake wanaheshimu kuku, watawaheshimu na pengwini. Mwaka 2006 mbwa wa kwanza alipelekwa kisiwani na pengwini wakaanza kuongezeka tena. Kwa hiyo hekima hii ilitoka kwenye banda la kuku kama langu na lako.

Lazima ninunue mbwa wa kigeni?

Hapana. Aina zilizozalishwa kwa kazi hii tangu zamani zipo: Maremma wa Italia, Pyrenees wa milima ya Ufaransa na Hispania, Kangal na Anatolia wa Uturuki. Wote hao ni wakubwa kwa sababu kwao adui ni mbwamwitu na dubu. Namibia, shirika la kuhifadhi duma la Cheetah Conservation Fund, lililoanzishwa na Laurie Marker, limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolia tangu mwaka 1994 ili wasilazimike kuua duma. Huku kwetu, eneo la Ruaha, mbwa wa aina hiyo wamewahi kuletwa kulinda mifugo ya Wabarabaig dhidi ya simba na fisi.

Lakini wewe una kuku, na adui zako ni nguchiro, kicheche, kanu, paka pori, bweha, kenge na mwewe. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 au 20 anawatosha wote hao, ila mwewe ni kwa kiasi tu. Botswana, wafugaji wa mbuzi wamefanikiwa sana kwa mbwa wa kawaida wa kijijini, wanaoitwa mbwa wa Kitswana, waliolelewa zizini tangu wadogo. Hula kidogo, hustahimili jua, na hawagharimu fedha nyingi. Mbwa mwenye manyoya mazito ukimpeleka Tanga au Lindi utamtesa bure.

Kwa hiyo fedha uliyotaka kununulia mbwa wa kizungu, nunulia waya wa banda na chanjo.

Nichague mtoto yupi kwenye kundi?

Anza na mama yake. Nenda mchana, kuku wakiwa nje, umwone anavyokaa nao. Mama anayelala uani huku kuku wakimpita puani, watoto wake wameshaanza masomo kabla hujalipa hata shilingi. Mama aliyefungwa mnyororo nyuma ya nyumba na kila kuku akipita anaruka, achana na watoto wake hata kama ni wazuri namna gani.

Kisha watazame watoto wenyewe kwa muda mrefu, si kwa dakika mbili. Vuta kitambaa chini mbele yao. Yule anayekikimbilia kwa pupa, anakidaka na kukitikisatikisa huku akinguruma, atakuwa mwindaji au mlinzi wa geti hodari, ila si wa kuku. Yule anayekitazama, anakisogelea, anakinusa na kuondoka ndiye wako. Angusha sufuria. Mtoto mzuri atashtuka, kisha atarudi kuona ni nini. Anayejificha na kutotoka tena atakusumbua.

Dume au jike? Tofauti si kubwa. Yeyote utakayemchagua, mhasi daktari akisema umri umefika, maana dume asiyehasiwa akisikia jike kijiji cha tatu atawaacha kuku wako siku nne.

Aanze akiwa na umri gani?

Wiki 8 hivi, akishaacha kunyonya. Kuna muda mfupi katika maisha ya mbwa ambapo ubongo wake unajifunza nani ni wa kwetu. Raymond Coppinger, mtafiti wa Kimarekani aliyewafuatilia mbwa walinzi kwa miaka mingi, alisisitiza kwamba mbwa hujiunga na viumbe anaokua nao katika wiki zile za mwanzo, hadi kwenye wiki ya 16. Baada ya hapo mlango haufungwi kabisa, ila unakuwa mzito kusukuma.

Coppinger alipima mbwa mlinzi kwa mambo matatu: hadhuru anaowalinda, hawaachi, na huwatetea. Watu wengi huanza na la tatu. Wanataka mbwa mkali. Kwa kuku, la kwanza ndilo kazi yote. Ukali utakuja wenyewe akikua, wala hahitaji kufundishwa kumchukia nguchiro.

Wiki za kwanza nifanye nini hasa?

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Usimwachie katikati ya kuku siku ya kwanza. Mtengenezee kijizizi kilichopakana na banda, katikati kuwe na waya wa kuku tu. Alale hapo, aamke hapo, asikie jogoo wakiwika sikioni mwake, anuse harufu yao usiku na mchana. Siku mbili tatu za mwanzo atabweka na kuruka kwenye waya. Mwache. Baada ya wiki utamkuta amelala ameegemea waya na upande wa pili kuku amelala vilevile. Siku hiyo ndipo unapoingia hatua ya pili.

Hatua ya pili ni kamba. Asubuhi na jioni, dakika 10 au 15, mfunge kamba shingoni na uketi naye kwenye kigoda katikati ya kuku wanaodonoa. Chagua kuku wazima, watulivu, waliowahi kuona mbwa. Jogoo mzoefu asiyekimbia ni mwalimu mzuri kuliko mimi na wewe. Koo mwenye vifaranga usimsogeze kwanza, maana anaweza kumdonoa mtoto macho.

Hapo kwenye kigoda unangoja jambo moja: achoke kuwatazama. Akikodoa macho na masikio yakasimama, mwili ukakakamaa, mwambie "acha" kwa sauti ya chini na umgeuze. Akitazama pembeni, akinusa ardhi, akipiga miayo au akilala, msifu na umpe punje ya dagaa. Wengi humsifu mbwa akibweka. Mimi namsifu akisinzia. Mbwa anayesinzia katikati ya kuku ameshaelewa.

Akishakuwa hivyo siku kumi mfululizo, mwachie akokote kamba ndefu ya mita tatu au nne, wewe ukiwa karibu ukifanya kazi zako, ukipalilia au ukichambua mboga. Kamba ni ya nini? Ni ili umkanyagie kabla hajafika, siyo umfukuze. Ukimfukuza mbwa anayemfukuza kuku, mmekuwa watatu kwenye mchezo mmoja.

Wakati wowote usipokuwepo kumtazama, arudi kwenye kijizizi chake. Wakati wowote. Sokoni, msikitini, kanisani, hata ukienda kuchota maji. Mwaka mzima wa kwanza kanuni yangu ni hiyo, kwamba asipate nafasi ya kukosea. Kila kuku anayemkimbiza bila kuonwa ni somo, na wewe si mwalimu wa somo hilo.

Namlisha wapi, na nini?

Swali hili watu hulipita haraka, nalo limeua kuku wengi kuliko uchezaji.

Kuku ni walafi. Sahani ya ugali ikiwekwa chini, wanakuja mbio. Mbwa hata aliyelelewa vizuri atamnguruma kuku anayemnyang'anya chakula, kisha siku moja atamdaka shingo. Hakuwa anawinda, alikuwa anatetea sahani. Mlishe ndani ya kijizizi, mlango umefungwa, na uondoe mabaki kabla ya kumtoa. Mfupa vilevile, autafune humo humo. Maji yawe vyombo viwili, cha kuku na cha mbwa.

Chakula: mtoto hadi miezi 4 ale mara tatu kwa siku, kisha mara mbili. Ugali wa dona peke yake haumkuzi. Changanya dagaa, damu iliyochemshwa, maharage yaliyoiva au mabaki ya nyama. Nawasihi sana kuhusu mahindi yaliyoota ukungu. Kuna watu wanasema "haya si ya kula watu, wape mbwa." Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, na ini la mbwa huharibiwa nayo upesi kabisa. Mbwa anakuwa mnyonge, macho yanageuka manjano, anakufa, na mwenyewe anadhani karogwa.

Usimpe matumbo, vichwa wala miguu mibichi ya kuku. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma tumbo.

Watoto wa nyumbani wana nafasi gani?

Kubwa mno. Nitawaambia kilichonipata.

Mbwa wangu wa kwanza wa kuku, Bosi, alifika miezi 5 bila kosa hata moja. Ikaja siku tukapata mgeni. Mnajua mambo ya mgeni: watoto wakatumwa wakamate jogoo mwekundu. Wakaanza kumkimbiza uani kote, vicheko, vumbi, kuku wote wakipiga kelele. Bosi alikuwa na kamba yake inayokokota, akaingia mbioni pamoja nao, na ndiye aliyemfikia jogoo kwanza. Watoto wakashangilia. Kwa mtoto wa mbwa, familia nzima ilikuwa imemwonyesha kwa vitendo kwamba kuku hukimbizwa na anayemkamata husifiwa. Ilinichukua zaidi ya miezi miwili kulifuta somo la dakika tano.

Tangu siku hiyo kwetu kuku wa mgeni anakamatwa usiku, akiwa ametulia kwenye fito, na anachinjwa nyuma ya nyumba mbwa asikoona. Kuku anayetapatapa baada ya kuchinjwa huamsha kwa mbwa kile tunachotaka kilale. Kama mgeni amekuja mchana ghafla, mfungie mbwa kwanza, ndipo watoto wakimbie.

Watoto pia wasicheze naye mchezo wa kuvutana matambara na kukimbizana karibu na kuku. Wacheze naye mbali, au wamchane manyoya.

Alikuwa mwema hadi miezi 8, sasa ameua. Nimuuze?

Usimuuze bado. Kati ya miezi 6 na miezi 14 au 18 mbwa ni kijana, mwili mkubwa akili bado. Yale aliyoyajua ni kama anayasahau. Karibu kila mbwa mlinzi hupita hapa na wengi huua kuku mmoja au wawili katika kipindi hiki. Nawajua wafugaji waliomchinja mbwa wao akiwa na miezi 10, mbwa ambaye angetulia akifika miezi 16. Inauma kuona kazi yote ile ikipotea.

Chunguza kwanza ameuaje. Kuku akikutwa amekufa lakini mwili wote upo, amelowa mate, manyoya ya mgongoni yamenyonyoka, hajaliwa, huo ni mchezo. Kijana alitaka mwenzake wa kucheza, na mwenzake akafa kwa hofu na majeraha. Akikutwa ameliwa, angalia kama kweli ni mbwa au ni kicheche aliyetangulia na mbwa akala mabaki. Akikutwa karibu na sahani, rudi kwenye swali la chakula.

Kama ni mchezo, mrudishe nyuma hatua moja: kamba, kigoda, kijizizi. Mpe kazi ya kuchosha mwili, tembea naye asubuhi mbali na kuku kabla ya kumwingiza kwao, maana mbwa aliyejaa nguvu hawezi kutulia. Halafu anza upya kuhesabu siku kumi za utulivu.

Kumpiga fimbo umkutapo na kuku aliyekufa hakusaidii. Kwake yeye kukimbiza kulikwisha zamani. Anachoelewa ni kwamba ukimkuta karibu na kuku, wewe unakuwa mkali. Wengine kwa kipigo hicho hujifunza kuwakwepa kuku kabisa, na mbwa anayewakwepa hawezi kuwalinda. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mbwa ni kosa, lakini hata bila sheria, kipigo hakifundishi.

Ila kuna mbwa ambaye hafai. Akipita miaka miwili na bado anavizia, anaua na kula, mpe kazi ya getini, kwa mtu asiye na kuku.

Babu anasema nimfunge kuku aliyekufa shingoni hadi aoze, hatarudia. Ni kweli?

Shikamoo babu, lakini hapana. Nimeona watu wawili wakifanya hivyo na mbwa wote wawili waliendelea. Mbwa haunganishi uvundo wa siku ya nne na alichofanya siku ya kwanza, na mbwa kwa kawaida yake wala hauchukii uvundo kama sisi. Utakachopata ni inzi, funza na magonjwa uani. Mzoga uzike shimo refu au uuchome.

Anakula mayai. Nifanyeje?

Okota mayai mapema, mara mbili kwa siku, na viota viwe juu kuliko anavyofikia. Yai lililopasuka safisha hapo hapo. Mimi huacha viazi mviringo au mayai ya mbao kwenye kiota cha chini. Mbwa akiuma mara mbili tatu anaona hakina maana. Yai mojamoja chini ya kichaka atalipata tu, na hilo namsamehe.

Anaweza kuzuia mwewe? Na kunguru?

Mwewe, kwa kiasi. Mbwa mzoefu hujifunza kuangalia juu. Bosi alijifunza kutoka kwa jogoo: jogoo akitoa ile sauti ndefu ya hatari, kuku wanajificha na mbwa anatoka mbio akibweka kuelekea kivuli. Sikumfundisha hilo. Lakini mwewe akishuka upande wa pili wa shamba, mbwa hafiki.

Kwa hiyo vifaranga wawekwe ndani au chini ya tenga hadi wiki 5 au 6, na uani kuwe na vichaka, migomba au vichanja vya kujifichia. Wenzetu wa pwani wenye kunguru weusi wa Bara Hindi wana kazi zaidi, kwa kuwa kunguru huja kwa makundi na wana akili ya kumpumbaza mbwa mmoja upande huu huku mwingine akichukua kifaranga upande ule.

Kila kundi jipya la vifaranga mtambulishe mbwa upya, kwa waya na kwa kamba, hata kama ni mzoefu. Kwake kifaranga anayelia na kukimbiakimbia si kuku anayemjua.

Nyoka na siafu je?

Siafu, mbwa hana la kufanya zaidi ya kukuamsha. Tumia majivu kuzunguka banda.

Nyoka ni hatari kwake mwenyewe. Swila hutema sumu machoni. Ukiona mbwa amefumba jicho na anajikuna usoni kwa mguu, msafishe macho mara moja kwa maji mengi safi, kwa dakika 15 au zaidi, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usitie mkojo, maziwa ya mti wala dawa ya kienyeji. Fyeka majani kuzunguka banda na ondoa mirundo ya matofali. Panya wakipungua na nyoka wanapungua.

Chanjo na dawa zipi ni za lazima?

Kichaa cha mbwa, akifika miezi 3, na kurudia kila mwaka. Hapa hakuna mjadala. Mbwa mlinzi anapambana na nguchiro na bweha, wanyama wanaoweza kubeba ugonjwa huu, kisha analala mlangoni kwako na watoto wanamshika. Kila 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na tarehe hiyo halmashauri nyingi huendesha kampeni za chanjo. Muulize afisa mifugo wako. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna chanjo ya mchanganyiko inayokinga distempa na pavo, magonjwa mawili ya virusi vya mbwa, inayoanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Pavo inaua watoto wa mbwa kwa siku chache, kwa hiyo usiiruke kwa kubana matumizi. Dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi wiki ya 12, kisha kila miezi mitatu. Kupe nao mtazame kila wiki, masikioni na katikati ya vidole. Mbwa anayekaa nje huku kwetu asipokuwa na dawa ya kupe atapata homa ya kupe tu: anaacha kula, fizi zinapauka, mkojo unakuwa na rangi ya damu.

Na tafadhali, mbwa hazuii kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia mdondo. Nimewaona watu wakipoteza kuku wote kwa mdondo wakiwa na mbwa bora kabisa. Tone la chanjo jichoni kila miezi mitatu kwa kuku wote, ndipo mbwa apate cha kulinda.

Sisi ni Waislamu. Tunaweza kufuga mbwa wa kulinda kuku?

Naulizwa hili mara nyingi, hasa na ndugu wa pwani na Zanzibar, na najibu kwa heshima kwa kuwa si sheikh. Hadithi zinazojulikana sana zinamtoa katika katazo mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba. Kinachobaki ni twahara: kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, alipogusa mbwa kwa unyevu huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Jirani yangu Mwislamu amepanga hivi: mbwa ana kijizizi chake upande wa banda, mbali na nyumba na mahali pa kuswalia, ana vyombo vyake, na yeye ana nguo za bandani ambazo haingii nazo ndani. Mbwa wa kuku anaishi na kuku, kwa hiyo mpangilio huu unamfaa hata yeye. Kwa hukumu yenyewe, muulize sheikh wako.

Nichukue wawili kwa pamoja ili wasaidiane?

Usichukue. Watoto wawili wa umri mmoja watacheza wao kwa wao, na kuku atakuwa mpira wao. Lea mmoja hadi atimize miaka miwili, ndipo ulete wa pili.

Anabweka usiku kucha, majirani wananuna.

Kubweka ndiyo kazi yake. Kicheche akisikia hivyo haji, na hakuna anayeumia. Lakini nenda kwa majirani kabla hawajaja kwako, uwaambie una mbwa wa kulinda na kwamba amechanjwa. Zunguka naye kwenye mipaka ya shamba kila jioni akiwa kwenye kamba, ajue mwisho wa kwake ni wapi. Mbwa asiyejua mpaka hubwekea kila pikipiki barabarani. Na asizurure: mbwa anayeonekana akitembea ovyo kijijini anaweza kuuawa wakati wa operesheni za mbwa wasio na wenyewe.

Wezi wakimtilia sumu?

Linatokea, na hakuna kinga kamili. Kinachosaidia ni mbwa aliyezoea kula chakula chake mahali pamoja tu, kwenye chombo kimoja, kutoka kwa watu wa nyumbani. Usimrushie vipande vya nyama chini, na wageni wasimpe kitu. Usiku awe ndani ya uzio pamoja na banda, mbali na njia ya watu. Akionekana anatetemeka na kutoa mapovu, daktari wa mifugo apigiwe simu hiyo dakika. Namba yake iandike ukutani leo.

Lini nitamwacha peke yake na kuku?

Mimi naanza kwa dakika 10, nikijifungia ndani na kuchungulia dirishani. Naangalia kuku kuliko ninavyomwangalia mbwa. Wakiendelea kudonoa akipita, wakimruka mgongoni bila kushtuka, wamemwamini, na kuku hawadanganyi. Kisha nusu saa, kisha asubuhi nzima. Wengi hufika hapo kati ya miezi 18 na miaka miwili. Wachache hufika na mwaka mmoja. Usiku unaweza kumwacha akiwa na umri mdogo zaidi, kwa sababu kuku wamefungiwa ndani naye yuko nje ya mlango.

Atafanya kazi hadi lini?

Bosi sasa ana miaka 7. Masikio bado yako sawa ila kukimbia kumepungua. Mbwa mdogo wa kumrithi mlete wakati mzee bado ana nguvu, si baada ya kufa. Wa kwangu ana miezi 5, jike, na juzi alimrukia tetea. Kabla sijasimama kwenye kigoda Bosi alishanyanyuka, akamnguruma mara moja tu, naye akalala chini tumbo juu.